Maumivu ya Kisigino: Mwongozo Kamili wa Kujitibu kwa Wiki 12

Malalamiko ninayoyapata zaidi kutoka kwa watu wa Moshi na Arusha wenye kisigino kibovu yanafanana: "Nimechua, nimeweka barafu, nimemeza vidonge, nimenyoosha mguu, mbona bado?" Ukiwadadisi unakuta wamekwama mahali pamoja. Walifanya ya kupunguza maumivu, yakapungua, wakaacha. Au walipumzika wiki mbili, kisha siku moja wakarudi kazini kwa nguvu zote na kisigino kikawaka upya. Hatua ya kuupa mguu nguvu, ambayo ndiyo dawa yenyewe, hawakuigusa.

Mwongozo huu unazifuata hatua kwa mpangilio. Usiruke ya 1, maana si kila kisigino kinachouma kina ugonjwa ambao mwongozo huu unautibu, yaani kuchakaa kwa ukanda wa unyayo (plantar fasciitis). Na usiishie ya 5, hata kama maumivu yamepungua nusu.

## Vitu vya kuandaa

Vingi viko nyumbani tayari:

- Taulo moja la kuogea
- Chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita na mahali pa kuigandisha. Kama huna friza, Mangi wa dukani hakukatalii kona moja ya friza lake.
- Kipandio imara: ngazi ya baraza, au ubao mnene usiotikisika, na ukuta wa kushikilia
- Begi la mgongoni la kutia uzito: vitabu, au mifuko ya sembe
- Viatu vyenye soli nene kiasi (hatua ya 3 inaeleza namna ya kuvichagua)
- Ndala zilizokwisha kazi, kisu kikali na mkasi
- Plasta nyeupe ngumu ya kitambaa, ya upana wa sentimita 2.5 au zaidi, kutoka duka la dawa
- Daftari na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde

Daftari ni la lazima. Kisigino hupona polepole kiasi kwamba mwenyewe huoni mabadiliko, na asiyeona mabadiliko huacha. Kila asubuhi andika alama ya maumivu ya hatua zako za kwanza, 0 ikiwa hakuna na 10 ikiwa hayavumiliki.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni ugonjwa huu

Chini ya unyayo kuna ukanda mgumu wa nyuzi unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kwenda mpaka vidoleni. Ndio unaoshikilia upinde wa mguu. Ukibebeshwa kuliko ulivyozoea, iwe kwa kusimama kutwa, kuongezeka uzito wa mwili, kubadili viatu au kuanza kupanda milima ghafla, nyuzi zake huchakaa pale zinaposhikana na mfupa. Huo ndio ugonjwa unaoongoza kwa maumivu ya chini ya kisigino kwa watu wazima, hasa kati ya miaka 40 na 60.

Jipime hivi.

Wapi. Kaa, pandisha mguu juu ya goti la pili, kisha bonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani, mbele kidogo ambapo nyama nene inaanza kuelekea kwenye upinde. Kama maumivu yako yanaamka hapo hasa, unaelekea penyewe.

Lini. Ugonjwa huu una saa zake. Hatua za kwanza za asubuhi ni mbaya kuliko zote, ukitembea dakika chache unalegea, kisha unarudi jioni au kila unapoinuka baada ya kukaa muda mrefu. Aliyepanda basi kutoka Dar es Salaam akashuka stendi ya Moshi akichechemea, halafu akatembea vizuri kabla ya kufika sokoni, anajua ninachosema.

Kidole gumba. Simama, mwombe mtu akuinulie kidole gumba cha mguu kuelekea juu, polepole. Hapo ukanda unavutwa. Kama maumivu ya kisigino yanaongezeka, ni dalili nyingine ya kuunga mkono, ingawa yasipoongezeka haimaanishi kwamba huna ugonjwa huu.

### Kama si huu, ni nini?

Maumivu yakiwa nyuma ya kisigino, pale kiatu kinapogusa, tatizo liko kwenye kano kubwa inayotoka kwenye shavu la mguu. Mazoezi ya hatua ya 6 yanaweza kuiumiza yakifanywa kisigino kikishuka chini ya kipandio, kwa hiyo usiendelee bila ushauri. Kama maumivu hayo yalianza ukiwa unatumia dawa ya sipro (ciprofloxacin, ya kuua bakteria) au muda mfupi baada ya kuimaliza, mwone daktari mapema. Dawa za kundi hilo zinajulikana kudhoofisha kano hiyo, wakati mwingine mpaka ikakatika.

Maumivu yakiwa katikati kabisa ya kisigino, na yanazidi unapotembea peku kwenye sakafu ya saruji au vigae, huenda mto wa mafuta ulio chini ya mfupa umepungua. Hapo hatua ya 3 ndiyo itakayokusaidia zaidi.

Bana kisigino kwa viganja viwili, kulia na kushoto, kama unakikamua. Maumivu makali hapo, hasa kwa mpagazi, askari aliyetoka mafunzoni au mkimbiaji aliyeongeza kilomita ghafla, huweza kuwa ufa kwenye mfupa. Acha kukimbia na kubeba, nenda ukapigwe picha ya eksirei. Ukiambiwa picha haina kitu na kisigino bado kinauma hivyohivyo, rudi baada ya wiki mbili au tatu, kwa sababu ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani mapema.

Ganzi, moto au kuchomachoma kunakosambaa unyayoni ni dalili ya mshipa wa fahamu, au sukari.

Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayecheza mpira na kulalamika kisigino ana jambo lake tofauti, la mfupa unaokua. Huu mwongozo si wake.

Na gauti? Mtaani kila kisigino kinachouma kinaitwa gauti, na mtu anaachishwa nyama choma na mbege kwa miezi bila hata kupimwa. Gauti hupenda kuanzia kwenye kiungo cha kidole gumba. Huja ghafla, mara nyingi usiku, na kiungo huvimba, hubadilika rangi na kuwa cha moto mpaka shuka likigusa unaruka. Maumivu ya asubuhi yanayolegea ukitembea si tabia yake. Kama una wasiwasi, kapime, usijihukumu kwa kusikia.

### Usijitibu, nenda hospitali moja kwa moja

- Una kisukari na unyayo una ganzi, kidonda au mpasuko uliochimba
- Kisigino kimevimba, ni cha moto, au una homa
- Ulianguka au uliruka kutoka juu na sasa huwezi kukanyaga
- Kinauma usiku ukiwa umelala, bila kukanyagia
- Una umri mdogo, visigino vyote viwili vinauma, na mgongo hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa

Umefaulu hatua hii ukiweza kuweka kidole kwenye sehemu moja na kusema "ni hapa, na ni asubuhi".

## Hatua ya 2: Nyoosha ukanda kabla ya kukanyaga

Usiku unyayo hujikunja na ukanda hufupika. Ukikanyaga ghafla unauvuta pale palepale palipochakaa, na siku inaanza kwa jeraha jipya. Ndiyo maana anayenyoosha saa nne baada ya chai amechelewa.

1. Ukiwa bado kitandani, kaa na uweke mguu unaouma juu ya goti la pili.
2. Shika vidole vyote kwa mkono, uvivute kuelekea muundi mpaka usikie mvuto kwenye upinde wa unyayo.
3. Kwa mkono mwingine papasa upinde. Ukanda uwe umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Usipousikia, hujavuta vya kutosha.
4. Shikilia sekunde 10, achia, rudia mara 10.
5. Fanya hivyo mara 3 kwa siku: kabla ya kushuka kitandani, na kabla ya kuinuka kila unapokuwa umekaa muda mrefu.

Ukiamka usiku kwenda chooni, nyoosha kwanza, hata mara tatu tu. Na viatu vya ndani viwe chini ya kitanda, upande unaoshukia. Mwezi wa Juni na Julai sakafu za Arusha zina baridi kali, na kukanyaga peku alfajiri kunaongeza kukakamaa.

Ongeza kunyoosha shavu la mguu, kwa sababu likiwa fupi kifundo hakipindi vizuri na unyayo ndio unaolipa. Simama ukiangalia ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino kimegusa chini, goti limenyooka. Egemea ukuta sekunde 30. Kisha kunja goti kidogo, kisigino kikibaki chini, sekunde 30 nyingine. Mara tatu, asubuhi na jioni.

Tahadhari: mvuto ni sawa, maumivu makali ya kuchoma si sawa. Ukiyasikia, punguza nguvu.

Umefaulu pale alama ya asubuhi inapoanza kushuka, hata kwa moja au mbili, ndani ya wiki mbili hadi tatu.

## Hatua ya 3: Viatu na sakafu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapotibu kwa mkono mmoja na kuumiza kwa mwingine. Mama anafanya mazoezi yote asubuhi, halafu anasimama kwa muda wa saa kumi jikoni kwa mama lishe akiwa na ndala zilizobonyea mpaka unaona sakafu.

Kwa wiki 12 hizi, usitembee peku ndani ya nyumba. Najua viatu vinavuliwa mlangoni, na ni heshima. Tenga jozi ya ndani isiyotoka nje.

Kuhusu unachovaa sasa:

Ndala nyembamba na yeboyebo zilizoisha, ziweke kando. Katambuga ni kiatu kizuri cha kudumu, lakini ni bapa na tairi halibonyei. Kama miguu yako imezizoea tangu utoto na hazikuumizi, sikwambii uziache milele, ila kipindi hiki zipumzishe. Mabuti ya mpira ya shambani yanateleza mguu ndani na hayana chochote chini ya kisigino. Yatie soli ya ndani kabla ya kwenda kwenye migomba.

### Kuchagua kiatu cha mtumba

Kiatu kipya kizuri ni ghali, na sioni aibu kusema kwamba raba nyingi nzuri mjini kwetu zinatoka Memorial pale Moshi, au Kilombero na Mbauda kwa Arusha. Shida ni kwamba mtumba unaweza kung'aa juu huku ndani umekufa. Ushike mkononi na uupime hivi, bila haraka, hata muuzaji akisema kuna mteja mwingine:

Kunja. Kiatu kipinde sehemu ya vidole tu. Kikikunjika katikati, kirudishe.

Bana nyuma. Sehemu inayokumbatia kisigino iwe ngumu. Ikilala ukiibonyeza, kisigino chako kitayumba ndani.

Bonyeza soli ya ndani kwa kidole gumba, chini ya kisigino. Irudi yenyewe. Ikibaki na shimo, sponji imekufa. Ikiwa ngumu na inatoa mlio wa kukatika, imekauka kwa kukaa miaka stoo, na gundi itaachia wiki ya kwanza ya mvua.

Weka mezani, tazama kwa nyuma. Kisilale upande mmoja. Kiatu kilichoisha upande wa mwenzako kitaupeleka mguu wako alikokwenda wake.

Urefu wa kisigino. Nyuma pawe juu kidogo kuliko mbele, kama sentimita 1 hivi. Bapa kabisa hukuvuta ukanda, na kisigino kirefu sana hukuletea mengine.

Kijaribu jioni, mguu ukiwa umejaa, na soksi utakazovaa.

### Pedi ya kisigino

Chukua ndala za zamani, sehemu ya nyuma ambayo bado ina unene. Kata vipande viwili vya umbo la kisigino, punguza makali ya mbele kwa kisu ili yateremke taratibu, vibandike chini ya soli ya ndani ya viatu vyote viwili. Ukiweka mguu mmoja tu, nyonga na kiuno vitalalamika. Fundi viatu yeyote anakufanyia hili kwa dakika chache. Mwambie, "Fundi, naomba sponji laini nyuma, pande zote mbili, na mbele uiache kama ilivyo."

Umefaulu kama jioni ya siku ya kazi inauma chini ya ilivyokuwa, hata kabla mazoezi hayajaanza kufanya kazi.

## Hatua ya 4: Punguza mzigo, usiuondoe

Kulala kitandani hakuponyi kisigino. Ukanda usiobeba chochote unazidi kuwa dhaifu, na siku ukiinuka mzigo uleule wa zamani unakuwa mkubwa zaidi kwake. Unachotafuta ni kiasi ambacho mguu unakimudu leo.

Kipimo ni daftari lako. Ukifanya kazi na maumivu yasizidi 4 kati ya 10, na kesho asubuhi alama ikawa ileile au chini, ulibeba kiasi sawa. Kesho asubuhi ikipanda, jana ulizidisha.

Kwa anayesimama kutwa, mlinzi, mwalimu, kinyozi au mama lishe, tafuta stuli na uikalie dakika tano kila baada ya nusu saa. Kunja gunia au weka kipande cha zulia mahali unaposimama. Wanaoshuka na ndizi kutoka Kibosho, Marangu au Machame wagawe mzigo kwa safari mbili au wapande gari sehemu ya mteremko, angalau wiki nne za mwanzo. Mpandisho huvuta ukanda na mteremko hugonga kisigino, kwa hiyo watu wa mlimani wanapigwa pande zote.

Kukimbia na kuruka kamba, acha kwa muda. Baiskeli ni ruksa.

Uzito wa mwili nao unahesabiwa. Kama umeongezeka karibuni, kupungua hata kilo chache kunasaidia, lakini usisubiri upungue ndipo uanze hatua nyingine.

## Hatua ya 5: Tuliza maumivu ili uweze kufanya mazoezi

Hii ni hatua ya msaada tu, na ndiyo wengi wanayoifanya peke yake.

Chupa ya barafu. Igandishe, iweke sakafuni, vaa soksi, uisukume kwa unyayo mbele na nyuma dakika 10, jioni baada ya kazi. Mwenye kisukari au ganzi miguuni asifanye, kwa sababu hatajua ngozi ikiungua kwa baridi.

Maji moto ya chumvi. Yanaburudisha, hayaponyi. Kwa mwenye kisukari ni hatari zaidi ya barafu. Watu wamebabuka miguu bila kusikia chochote.

Plasta. Safisha na ukaushe mguu. Anzia upande wa nje wa unyayo, chini ya kidole kidogo, pitisha plasta nyuma ya kisigino mpaka chini ya kidole gumba upande wa ndani. Kisha weka vipande vitatu au vinne vya kukatiza chini ya upinde, kutoka nje kwenda ndani, ukivuta kidogo kuinua upinde. Usizungushe mguu mzima, damu ipite. Itoe baada ya siku moja au mbili, au mara moja ikiwasha. Plasta ikikupa nafuu ya wazi, ni dalili njema kwamba soli yenye upinde itakufaa.

Vidonge. Ibuprofeni au diklofenaki hupunguza maumivu kwa siku chache, baada ya chakula, na si zaidi ya wiki bila ushauri. Usizimeze zote mbili pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha, pumu au ujauzito azungumze kwanza na mfamasia au daktari. Unga usio na jina unaouzwa kwa kipaza sauti stendi, uache hukohuko stendi.

Mafuta ya kuchua ni sawa kama unayapenda. Usichue kwa kukandamiza pale panapouma mpaka machozi yatoke. Haivunji kitu chochote, inachokoza tu.

## Hatua ya 6: Upe mguu nguvu

Sasa tumefika kazini. Ukibaki na hatua moja tu katika mwongozo huu, baki na hii.

Nyuzi za ukanda hujijenga upya zikibebeshwa uzito mzito, polepole, na kwa kupewa siku ya kupumzika katikati. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2015 uliwagawa wagonjwa 48 makundi mawili. Wote walipewa pedi za viatu, kundi moja likanyoosha unyayo, jingine likafanya zoezi hili la nguvu. Baada ya miezi mitatu waliofanya zoezi la nguvu walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Baada ya mwaka makundi yote yalikuwa yamesogea karibu sawa. Kwa hiyo zoezi hili haliwezi kudai muujiza, lakini linakurudisha kazini mapema, na kwa anayeishi kwa miguu yake hiyo ni hela.

Anza pale unapoweza kusimama bila kuzidi alama 5, kwa kawaida wiki ya pili.

1. Kunja taulo liwe mviringo mnene, uliweke kwenye ukingo wa kipandio.
2. Panda. Vidole vilale juu ya taulo vikiwa vimeinuliwa kadiri vinavyoweza, na kisigino kining'inie nje. Taulo ndilo linaloukaza ukanda, na bila hilo unafanya zoezi la shavu la mguu tu.
3. Shika ukuta. Inuka kwa sekunde 3.
4. Kaa juu sekunde 2.
5. Shuka kwa sekunde 3, mpaka kisigino kiwe chini kidogo ya ukingo.
6. Rudia mara 12. Pumzika dakika mbili. Fanya mizunguko 3.

Fanya siku moja ndiyo, siku moja hapana. Lengo ni mguu mmoja kwa wakati, ule unaouma. Usipoweza, anza na miguu yote miwili na uhamishie uzito upande mbovu kidogo kidogo.

Uzito wa kutosha ni ule unaokuchosha kabisa ifikapo mara ya 12. Kama ungeweza kufika 15, vaa begi na uongeze vitabu au mfuko wa sembe. Baada ya wiki mbili ongeza uzito, upunguze marudio yawe 10, mizunguko 4. Baada ya wiki mbili nyingine ongeza tena, marudio 8, mizunguko 5. Endelea hivyo mpaka wiki ya 12, ukiongeza uzito kila unapouona mwepesi.

### Wanapokosea

Kasi. Kuinuka na kushuka harakaharaka si zoezi hili. Tumia saa ya simu.

Kila siku. Mwenye hamu ya kupona anafanya asubuhi na jioni, wiki ya pili anavimba. Siku ya mapumziko ni sehemu ya dawa.

Kuogopa maumivu yote. Kuuma kidogo wakati wa zoezi, mpaka alama 4 au 5, kunaruhusiwa, mradi kesho asubuhi isiwe mbaya kuliko leo. Ikiwa mbaya, punguza uzito, usiache zoezi.

Kipandio kibovu. Tofali la kuchoma lililowekwa wima hugeuka. Uliyekuja na kisigino usiondoke na nyonga.

Umefaulu kama wiki ya 4 maumivu ya asubuhi yanaisha baada ya hatua chache badala ya dakika nyingi, wiki ya 8 unasahau siku nyingine kuandika daftari, na wiki ya 12 unainuka mara 8 kwa mguu mmoja ukiwa na begi. Kutakuwa na siku mbaya katikati, hasa baada ya msiba au harusi uliposimama kutwa. Tazama wiki nzima, usitazame siku.

## Hatua ya 7: Wiki 12 zimepita na bado

Kwanza kuwa mkweli na daftari. Mizunguko mingapi ulifanya kweli? Kama ni ya kubahatisha, anza upya hatua ya 6. Wagonjwa wengi hupona ndani ya mwaka bila upasuaji, kwa hiyo miezi mitatu ya nafuu ya nusu si kushindwa.

Kama ulifanya vizuri na hakuna mabadiliko kabisa, nenda hospitali yenye idara ya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi). Moshi kuna Mawenzi na KCMC, Arusha kuna Mount Meru. Nenda na daftari, na viatu unavyovaa kazini, si vile vya kanisani.

Huko KCMC pia kuna TATCOT, chuo kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo tangu 1981. Wataalamu wa aina hiyo ndio wanaotengeneza soli za ndani kwa kipimo cha mguu wako. Kwa wengi soli ya kawaida yenye upinde inatosha. Ya kupimwa ifikirie kama mguu wako una umbo la pekee au hizi nyingine zimeshindwa.

Ukiambiwa una mwiba. Eksirei mara nyingi huonyesha kijipande cha mfupa kilichochongoka chini ya kisigino, na mgonjwa hutoka akiamini kuna mwiba unaomchoma kila akikanyaga. Watu wengi wana kijipande hicho na hawajawahi kuumwa, na wengi hupona hali bado kipo. Usikimbilie kukikata.

Ukipewa sindano kwenye kisigino. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki kadhaa. Hatari zake ni ukanda kukatika na mto wa mafuta kupungua, na hatari huongezeka ukirudia. Mwenye kisukari ajue sukari inaweza kupanda siku za baada ya sindano. Ukikubali kuchomwa, tumia zile wiki za nafuu kufanya zoezi la hatua ya 6 kwa kiasi, ukianza pale daktari atakaporuhusu. Atakayezitumia kurudi mlimani atarudi hospitali.

## Hatua ya 8: Kurudi mlimani, barabarani na kazini

Sharti la kuanza: alama ya asubuhi iwe 2 au chini kwa wiki mbili mfululizo.

Wapagazi na waongoza wageni. Anza kwa kutembea bila mzigo kwenye miinuko ya karibu na nyumbani, saa moja, kisha mbili. Ongeza nusu ya mzigo kabla ya kurudi kwenye kilo 20. Safari ya kwanza ichague fupi kama inawezekana. Kumbuka kwamba kutoka kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, mpaka lango la Mweka, karibu mita 1,640, ni mteremko unaogonga visigino saa nyingi mfululizo. Vaa buti lenye pedi, fupisha hatua, tumia fimbo mbili, usikimbie kushuka hata kama wenzako wanakimbilia gari.

Wakimbiaji. Kila mwaka mbio za Kilimanjaro Marathon hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na kila Januari watu huingia barabarani kama walioitwa na tarumbeta. Kisigino hakijui tarehe ya mbio. Anza Oktoba. Tembea dakika nne, kimbia moja, mara sita, siku moja ndiyo siku moja hapana, na kila wiki sogeza dakika moja kutoka kutembea kwenda kukimbia. Barabara ya vumbi tambarare kwanza, lami na milima baadaye. Kama hujafika kilomita 10 bila maumivu ifikapo Januari, kimbia zile kilomita 5 mwaka huu.

Wanaosimama. Rudisha saa zako za kazi taratibu, na stuli ibaki palepale.

Zoezi la taulo endelea nalo mara mbili kwa wiki kwa miezi sita mingine. Kikirudi kuuma asubuhi, rudi hatua ya 2 siku hiyohiyo, usisubiri kizidi, maana kilichokamatwa wiki ya kwanza hupoa haraka kuliko kilichoachwa miezi mitatu.

Viatu navyo viandikie mwezi na mwaka ndani ya ulimi kwa peni. Anayevaa jozi moja kila siku aipime upya kwa kidole gumba kila baada ya miezi mitatu, pale chini ya kisigino, na sponji isiporudi aipeleke kwa fundi au aigawe.